Akili na imani: utafiti umesema nini hasa, na haukusema nini

Kuna dai linalozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp na vijiweni: "Utafiti umethibitisha wasioamini Mungu wana akili kuliko wacha Mungu." Hapa Dodoma, mji wenye chuo kikuu kikubwa, makanisa kila mtaa na Msikiti wa Gaddafi ambao mgeni huonyeshwa siku ya kwanza, dai la namna hiyo haliwezi kupita kimya. Wapo wanaolibeba kama silaha, na wapo wanaojibu kwa Zaburi ya 14, kwamba mpumbavu ndiye asemaye hakuna Mungu. Kijana wa mwaka wa kwanza anayesikiliza pande zote mbili hubaki anajiuliza kama kusali kwake ni dalili ya ubongo mzito, au kama maswali yake juu ya dini ni dalili ya upumbavu. Anastahili jibu linalotokana na takwimu zenyewe, na takwimu hizo zipo.

Tuanze na maneno, kwa sababu nusu ya ubishi huu ni ubishi wa maneno.

"Akili" katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Mtoto anayeongoza darasani ana akili. Fundi anayefungua injini ya pikipiki na kuirudisha bila kubakiza nati ana akili. Anayetukana wazazi tunasema hana akili, ingawa huenda hesabu anazipata zote. Halafu tuna werevu, ujanja, busara na hekima, na kila moja lina mahali pake. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Watafiti hawapimi hayo yote. Wanapima kitu chembamba zaidi: jinsi mtu anavyotatua mafumbo ya maumbo, namba na maneno ndani ya muda maalumu. Matokeo hugeuzwa kuwa alama ambayo wengi wanaijua kwa jina la IQ. Alama hiyo hupangwa makusudi ili wastani wa kundi uwe 100, na karibu theluthi mbili ya watu waangukie kati ya 85 na 115. Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza jaribio la kwanza la aina hii mwaka 1905 huko Paris. Nia yao ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Kuwapanga wanadamu kwa madaraja kulikuja baadaye, kwa mikono ya watu wengine.

"Imani" nayo ina vyumba vitatu. Kuna kuamini kwenyewe moyoni, kuna kushiriki ibada, na kuna kujitambulisha kwa dini fulani. Mtu anaweza kuimba kwaya kila Jumapili huku ndani ana mashaka, na mzee wa Chamwino anaweza kumwomba Mulungu kila alfajiri bila kukanyaga kanisani wala msikitini. Mkana Mungu ni yule anayesema Mungu hayupo. Asiye na uhakika ni mwingine, na asiye na dini ni mwingine tena, maana wengi wa kundi hili la mwisho wanamwamini Mungu ila hawana dhehebu. Mtafiti akiwamwaga wote kwenye gunia moja na kuliita "wasioamini", matokeo yake yameshaharibika kabla hajaanza kuhesabu.

Sasa namba. Mwaka 2013 Miron Zuckerman wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, na wenzake wawili walikusanya tafiti 63, za zamani kabisa zikiwa za miaka ya 1920. Katika 53 kati ya hizo, waliopata alama za juu za akili walielekea kuwa na imani ndogo kidogo. Mwaka 2022 Florian Dürlinger na Jakob Pietschnig wa Chuo Kikuu cha Vienna walirudia kazi hiyo kwa tafiti 89 zenye watu zaidi ya laki mbili, wakapata namba ya uhusiano ya −0.14.

Kwa hiyo uhusiano upo. Anayesema utafiti wote ni uzushi anakosea. Lakini −0.14 ni nini?

Namba ya uhusiano hutembea kati ya −1 na +1. Ikiwa chini ya sifuri, kimoja kikipanda kingine huelekea kushuka; ikiwa juu ya sifuri, vyote viwili huelekea kupanda pamoja. Sifuri maana yake ukijua kitu kimoja hujapata fununu yoyote kuhusu cha pili. Chukua watu wawili wowote kati ya hao waliopimwa. Nikuambie nani kati yao ana imani kali zaidi, kisha ubashiri kwamba huyo ndiye aliyepata alama ndogo. Ungerusha shilingi juu tu, ungepatia mara 50 kati ya 100. Ukitumia huo uhusiano wa −0.14, utapatia kama mara 54 au 55. Hiyo ndiyo faida yote unayoipata. Ukiitazama kwa njia nyingine, zidisha 0.14 kwa 0.14 upate 0.02: katika tofauti zote za alama kati ya watu, ni asilimia 2 tu inayokwenda sambamba na imani. Asilimia 98 inaambatana na mambo mengine. Na kwa pointi za IQ, mtu ambaye imani yake imezidi wastani kwa hatua moja ya mtawanyiko (hatua ambayo kwa alama za IQ ni pointi 15, kama kutoka 100 hadi 115) anatarajiwa kuwa chini kwa pointi 2 hivi. Mtu mmoja akifanya jaribio leo na kulirudia baada ya wiki mbili, alama zake zenyewe zinaweza kupishana zaidi ya hapo.

Fikiria mashamba mawili ya zabibu kule Mpunguzi. Umepima vichala vyote. Shamba la kwanza wastani ni gramu 300 kwa kichala, la pili gramu 290, na katika mashamba yote mawili vipo vichala vya gramu 200 na vya gramu 400. Tofauti ya wastani ni ya kweli, mizani imeionyesha. Lakini nikikuwekea kichala kimoja mezani pale soko la Majengo, ukaambiwa useme kimetoka shamba lipi, utakuwa unabahatisha. Anayemtazama jirani yake aliyevaa kanzu au aliyeshika rozari na kudhani amejua uwezo wa ubongo wake anafanya kosa hilohilo, isipokuwa yeye anamfanyia mtu.

Halafu kuna swali la kwa nini. Vitu viwili kwenda pamoja hakumaanishi kimoja kinazaa kingine. Katika vijiji vyetu vya kati, nenda nyumba kwa nyumba: utakuta watoto wa nyumba zilizoezekwa kwa bati hufaulu mtihani wa darasa la saba kuliko wa nyumba za tembe. Hakuna mwalimu atakayependekeza tugawe bati ili watoto wajue kugawanya. Nyuma ya bati kuna kipato, nyuma ya kipato kuna chakula cha asubuhi, daftari, taa ya kusomea, na mzazi aliyesoma. Kwenye suala la imani na alama za IQ, kinachojificha nyuma mara nyingi ni elimu. Miaka ya shule hupandisha alama za majaribio haya, na katika nchi za Magharibi miaka hiyohiyo humkutanisha mtu na mazingira yenye waumini wachache.

Watafiti wenyewe wametoa maelezo kadhaa. Moja ni kwamba wanaofanya vizuri kwenye mafumbo huwa wagumu kufuata mkumbo, hivyo palipojaa waumini wao huelekea kujitenga. Jingine ni kwamba dini humpa mtu utulivu, kujizuia na watu wa kumshika mkono, na mwenye kazi nzuri na kipato huenda akavipata vitu hivyo kwingine. Tazama kwamba maelezo yote mawili hayasemi dini inadhoofisha ubongo, wala hayasemi kwamba mwenye akili amegundua siri juu ya Mungu. Yanazungumzia mazingira. Ndiyo maana pia uhusiano huwa mdogo zaidi ukipima kuhudhuria ibada kuliko ukipima kuamini: ibada ni jambo la jamii, na jamii huvuta watu wa kila aina.

Maelezo ya tatu yalipata umaarufu mkubwa, na hapa inafaa tukae kidogo. Yanahusu mtindo wa kufikiri: kufuata hisia ya kwanza au kusita na kuikagua. Mtindo huo hupimwa kwa mafumbo kama hili. Kalamu na daftari kwa pamoja ni shilingi 1,100. Bei ya daftari inazidi bei ya kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi? Akili ya wengi hupiga kelele mara moja: 100! Kagua. Kalamu ikiwa 100, daftari litakuwa 1,100, na jumla 1,200. Jibu ni 50, kwa sababu daftari ni 1,050. Mwaka 2012 Amitai Shenhav, David Rand na Joshua Greene wa Harvard walionyesha kuwa Wamarekani waliojibu mafumbo ya aina hii kwa hisia ya kwanza walielekea kuamini zaidi. Mwaka huohuo Will Gervais na Ara Norenzayan walichapisha katika jarida la Science jaribio la kushangaza: wanafunzi walioonyeshwa picha ya sanamu ya mchongaji Mfaransa Rodin ya mtu aliyezama kwenye mawazo walisema wanaamini kidogo kuliko walioonyeshwa sanamu ya mrusha kisahani. Vyombo vya habari vikatangaza kwamba kufikiri kunaua imani.

Jaribio lile la sanamu lilikuwa na wanafunzi 57. Mwaka 2017 wengine walilirudia kwa watu zaidi ya 900 na hawakuona chochote. Gervais mwenyewe, na hili ni la kumheshimu, mwaka 2018 aliungana na wenzake kupima mafumbo na imani katika nchi 13. Uhusiano ulionekana waziwazi katika nchi tatu tu: Marekani, Australia na Singapore. Kwingine ulififia. Habari ya mwaka 2012 bado inasambazwa. Ya 2017 na 2018 hazisambazwi. Hata lile fumbo la kalamu na daftari lina kasoro zinazojulikana. Aliyewahi kuliona mtandaoni hujibu 50 bila kufikiri. Na ukitafsiri ovyo, ukaandika "daftari ni shilingi 1,000 zaidi", msomaji anaweza kuelewa kwamba daftari ni shilingi 1,000, akajibu 100, nawe ukamwandika mvivu wa kufikiri kumbe umepima Kiswahili chako mwenyewe.

Dai jingine linalorudi mara kwa mara ni ramani ya dunia: nchi zenye IQ ndogo ndizo zenye waumini wengi, Afrika ikiwa chini. Chanzo chake ni makala ya mwaka 2009 ya Richard Lynn na wenzake wawili, iliyolinganisha nchi 137 na kupata uhusiano wa 0.60 kati ya IQ ya taifa na kutoamini. Makala hiyo haifai kujengewa hoja, na sababu zinaeleweka. Kwanza, IQ za mataifa alizotumia Lynn, hasa za Afrika, zilitokana mara nyingi na vikundi vidogo vya watu, na nchi zisizo na takwimu zilikadiriwa kwa kuangalia majirani zao. Jelte Wicherts na wenzake wa Uholanzi walizipitia upya mwaka 2010 na kuonyesha kwamba namna tafiti zilivyochaguliwa ilishusha wastani wa Afrika. Pili, nchi si mtu. Sweden na Tanzania zinatofautiana kwa umeme, malaria, idadi ya walimu, na umbali wa kutembea kufuata maji. Ukichomoa dini peke yake kwenye rundo hilo na kuipa lawama yote, umerudi kwenye paa la bati.

Na alama zenyewe si jiwe. James Flynn alionyesha mwaka 1984 kwamba alama za Wamarekani zilikuwa zinapanda kwa takriban pointi 3 kila miaka kumi. Hivyo zile pointi 2 zinazobishaniwa ni badiliko la miaka saba hivi, kwa watu walewale na makanisa yaleyale. Kwa jirani zetu, watoto wa miaka saba wa Embu, Kenya, waliopimwa mwaka 1998 waliwazidi kwa mbali waliopimwa mwaka 1984 katika eneo hilohilo. Watafiti walitaja lishe bora, wazazi waliosoma zaidi na familia ndogo.

Karibu zaidi ni Bagamoyo. Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo Watanzania, waliwapima watoto wa shule za vijijini huko na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Badala ya kupima mara moja na kuondoka, waliwapa watoto mafumbo, wakawafundisha kwa muda mfupi, chini ya saa moja, namna mafumbo ya aina hiyo yanavyotatuliwa, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na alama za mara ya pili zilionyesha uwezo wa mtoto vizuri kuliko za mara ya kwanza. Mtoto ambaye hajawahi kuona ukurasa wenye miraba tisa, minane ina michoro na mmoja mtupu, hutumia dakika za kwanza kuwaza anatakiwa afanye nini. Dakika hizo huhesabiwa kama upungufu wa akili. Nchini Kenya timu ya Sternberg iliwakuta watoto wa Kijaluo wanaojua dawa nyingi za mitishamba, zinatibu nini na kwa kipimo gani, na waliojua zaidi hayo walielekea kupata alama ndogo kwenye majaribio ya darasani. Muda wao ulikuwa umewekezwa kwingine.

Je, kwetu hapa uhusiano huo ungepimwaje? Kwa shida sana. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi nchini husema dini ni muhimu sana maishani mwao. Kama karibu kila mtu yuko upande mmoja, hakuna upande wa pili wa kulinganisha. Wachache watakaojitokeza kusema hawaamini watakuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa mjini, waliosoma, wasioogopa kutengwa na ukoo. Ukiwapima utakuta alama zao ziko juu, na utakuwa umepima shule na uthubutu. Sensa nayo haitasaidia: swali la dini liliulizwa kwa mara ya mwisho mwaka 1967.

Historia yetu inaonyesha jinsi elimu inavyoweza kuvaa sura ya dini. Wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana cha Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya shule ilikuwa mikononi mwa makanisa. Wazazi wengi Waislamu walihofia kuwapeleka watoto wakabatizwe. Ungepima akili kwa karatasi na penseli miaka hiyo, Wakristo wangeelekea kuongoza, na mtu asiyejua historia angeandika kwamba Ukristo unaongeza akili. Serikali ilitaifisha shule baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikijua fika tatizo hilo. Duniani leo, taarifa ya mwaka 2016 ya Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ilionyesha Wakristo watu wazima wana wastani wa miaka 9.3 ya shule, wasio na dini 8.8, Waislamu na Wahindu 5.6, Wayahudi 13.4. Ukiisoma orodha hiyo kama orodha ya akili, wasio na dini hawako kileleni. Ni orodha ya mahali watu walipozaliwa na shule walizozikuta.

Hoja ya wanasayansi pia hutumika vibaya. Ni kweli kwamba Marekani wanasayansi huamini kidogo kuliko raia wengine: kwa utafiti wa Pew wa mwaka 2009, theluthi moja walisema wanamwamini Mungu, wakati katika raia wote ni asilimia 83. Lakini Elaine Ecklund na wenzake walipopima nchi nyingine, Hong Kong na Taiwan zilitoka kinyume: wanasayansi wanaojitambulisha kuwa na dini ni wengi kwa uwiano kuliko wananchi wa kawaida. Kama akili ya kisayansi ingekuwa inaondoa imani yenyewe kwa yenyewe, ingeiondoa na huko.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Nobeli ya fizikia ya mwaka 1979. Abdus Salam wa Pakistan na Steven Weinberg wa Marekani waliipata pamoja na Sheldon Glashow kwa nadharia inayounganisha nguvu mbili za asili. Salam alikuwa Mwislamu mcha Mungu. Weinberg alikuwa mkana Mungu asiyeficha. Kila mmoja kwa njia yake walifika kwenye nadharia ileile.

Kuhusu maandiko, "mpumbavu" wa Zaburi ya 14 kwa Kiebrania ni nabali, neno linalomsema mtu mwovu wa mwenendo, na zaburi yenyewe inaendelea kueleza matendo yake mabaya. Haipimi uwezo wa kufikiri. Kurani nayo inapowataja wenye akili inawasifu wanaotafakari. Muumini anayetumia maandiko hayo kumwita jirani yake mjinga amechanganya akili na mwenendo, mchanganyiko uleule wa neno letu "akili".

Dai la namna hii likikufikia tena, uliza: walipimwa watu wangapi, wa wapi, na "wasioamini" ni nani? Uliza ukubwa wa uhusiano, usiridhike na neno "umethibitisha". Kisha uliza kama miaka ya shule ilizingatiwa. Mara nyingi aliyelituma hataweza kujibu hata swali la kwanza.

Na kama kinachokusumbua kweli ni akili ya mtoto, kuna jambo lililopimwa hapahapa nchini. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto (iodini, ambayo ubongo wa mtoto huihitaji unapokua) katika wilaya zilizokuwa na tezi la shingo kwa wingi. Erica Field na wenzake walifuatilia na kukuta watoto waliokingwa tumboni mwa mama zao walisonga mbele shuleni kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka zaidi, wasichana wakinufaika zaidi. Siku hizi madini joto hupatikana kwenye chumvi. Nunua iliyofungwa kwenye pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, si ile ya kupimiwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi juani. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na unyevu, maana madini hayo hupotea. Mboga ikishaiva, ndipo utie chumvi.